Kano Hujibu Kesho Yake: Mafunzo Niliyopata Nikirudi Kukimbia Bariadi

Mimi ni mkimbiaji wa kawaida, miongoni mwa wale wanaofika mwisho wa Rock City Marathon ya Mwanza wakati washindi wameshabadili nguo na wanapiga picha. Kwa hiyo kano ya kisigino changu cha kulia ilipovimba, haikuwa habari ya kuandikwa popote. Lakini mtu aliyezoea kuianza siku yake kwenye barabara ya Lamadi au ya Maswa, kabla malori hayajaamka, akiambiwa akae nyumbani huona kama amefungwa. Haya niliyojifunza nayapa namba ili yasomeke, ingawa hayakunijia kwa mpangilio.

1. Kukaa tu hakuponyi kano

Kila aliyeuona mguu wangu alikuwa na ushauri uleule: pumzika, pakaa dawa ya kuchua, utapona. Kwa msuli ushauri huo si mbaya. Msuli una damu nyingi na hujirekebisha haraka. Kano ina damu kidogo, na kazi yake ni kubeba: unapokimbia, kano ya kisigino hubeba mzigo unaofikia mara sita hadi nane ya uzito wa mwili wako, hatua baada ya hatua. Ukiilaza wiki sita, maumivu yatatulia kweli, na utajiona umepona. Kumbe katika wiki hizo kano imezidi kulegea na shavu la mguu limenywea. Siku ya kwanza ya kurudi, mzigo ni uleule, mbebaji ni dhaifu zaidi.

Aliyeibadili hesabu hii ni Håkan Alfredson, daktari wa mifupa wa Uswidi. Yeye mwenyewe alikuwa mkimbiaji mwenye kano mbovu. Amesimulia kwamba mkuu wake wa kazi alikataa kumpasua kwa kuwa mguu haukuwa umeharibika vya kutosha, naye akaamua kuutesa kwa mazoezi makali ili uharibike kabisa, apasuliwe. Ukapona. Mwaka 1998 alichapisha matokeo ya wanamichezo wa kawaida 15 waliofanya mazoezi hayo kwa wiki 12: unasimama ukingoni mwa ngazi kwa nyayo za mbele, unapanda kwa mguu mzima, unashuka taratibu kwa mguu mbovu, mara 15 kwa seti tatu goti likiwa limenyooka, kisha seti tatu nyingine goti likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni. Kwa siku ni mara 180. Uzito ukizoeleka, unavaa begi mgongoni na kuongeza. Langu lilikuwa begi la shule lililojazwa mahindi. Mtoto wa jirani aliuliza kama ninahama.

Tangu hapo watafiti wa Denmaki wameonyesha kuwa hata mara tatu kwa wiki, kwa uzito mkubwa na mwendo wa polepole, mtu hupata matokeo yanayolingana. Hiyo ni nafuu kwa mtu mwenye shamba na kazi. Tahadhari moja: kama maumivu yako yapo pale pale kano inapoungana na mfupa wa kisigino, usishushe kisigino chini ya usawa wa ngazi. Fanyia sakafuni.

2. Usiuulize mguu leo, uulize kesho

Hili ndilo ningelichagua kama ningeruhusiwa moja tu.

Kano ni mdanganyifu. Ukianza kukimbia inauma, ukipata joto inanyamaza, na wewe unajipongeza kuwa dawa yake ni kukimbia. Ukweli wake huutoa alfajiri, unaposhuka kitandani na kuelekea chooni ukichechemea kama mzee. Mtaalamu wa fiziotherapia niliyemfuata Mwanza aliniambia, "Mwalimu, maumivu ya njiani niambie kwa namba, sifuri hadi kumi. Lakini uamuzi tutaufanya kwa maumivu ya kesho asubuhi."

Kanuni hiyo ina mizizi. Mwaka 2007 Karin Grävare Silbernagel na wenzake huko Uswidi waliwaruhusu nusu ya wagonjwa wao waendelee kukimbia na kuruka wakati wa matibabu, mradi maumivu yasipite tano kati ya kumi, yawe yametulia kufikia asubuhi inayofuata, na ukakamavu usiongezeke wiki hadi wiki. Nusu nyingine walizuiwa kukimbia wiki sita za mwanzo. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na walioendelea kukimbia kwa kipimo hawakuachwa nyuma. Kwa mkimbiaji, hiyo ni kama kufunguliwa mlango wa zizi.

Kwa hiyo nilianza na dakika moja ya kukimbia na mbili za kutembea, siku moja nikikimbia, siku moja nikipumzika. Aibu ipo. Wazee wa huku hawapitwi bila salamu, na nilikuwa nikienda polepole kiasi cha kusalimiana nao kikamilifu. "Mwangaluka, baba." "Mwangaluka, mwanangu. Mbona leo unakwenda kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe?" Nikamwambia mguu unauma. Akanishauri nipumzike na kupaka dawa ya kuchua.

3. Jua udongo unaoukanyaga

Vitabu vya mazoezi vinasema "kimbia kwenye ardhi laini". Aliyeandika hivyo hajafika mkoani kwetu Simiyu. Wasukuma wana majina ya udongo kufuatana na mteremko, kutoka mawe ya mlimani hadi bondeni, na kwa mkulima kila jina linaonyesha zao lake. Mimi nililazimika kuyajifunza upya kwa kisigino.

Luseni ni mchanga wa chini ya vilima, mahali pa mihogo, karanga na viazi vitamu. Ni laini kweli, na ndiyo maana ni mbaya kwa kano inayougua. Kisigino huzama chini ya vidole, kano inavutika zaidi ya kawaida kabla hujasukuma hatua, na msukumo wenyewe unapotelea mchangani. Mwenye miguu mizima atapata nguvu huko. Mgonjwa atapata usiku mbaya.

Mbuga, udongo mweusi wa bondeni, hauna huruma majira yote mawili. Mvua zikianza, mara nyingi kuanzia Novemba, hunata kwenye raba hadi kila mguu unabeba tofali. Kiangazi hupasuka, na nyufa zake zinaweza kumeza kisigino. Dengu na pamba huupenda. Kano haiupendi.

Kati ya luseni na mbuga ipo itogolo, ardhi ya kijivu, ngumu, iliyo karibu sawasawa, ambako watu hulima mpunga kwenye majaruba. Mpunga ukishavunwa na mifugo ikaachiwa kula mabua, kuanzia Juni hadi Oktoba, njia za itogolo ndizo uwanja bora niliowahi kukimbilia: imara bila kuwa jiwe, tambarare bila kuwa lami. Sehemu kubwa ya kurudi kwangu imefanyika huko, nikikwepa samadi.

Na lami? Watu huilaumu kwa ugumu, lakini kwa kano ugumu si tatizo kubwa kama wengi wanavyodhani. Lami haizami na haina mashimo ya kushtukiza, na hatua ya kwanza inafanana na ya elfu moja. Kasoro yake ni mgongo wa barabara. Ili maji yatiririke, lami huinuliwa katikati na kuteremka pembeni, na sisi tunaokimbia tukitazamana na magari huwa upande uleule daima. Mguu mmoja unakanyaga juu, mwingine chini, na kisigino kinapinda kidogo kila hatua. Kidogo hicho, ukikizidisha kwa kilomita kumi, si kidogo. Dawa yake ni kuchagua saa ambayo barabara ni tupu, ukimbie pale ilipo sawa. Msimu wa ununuzi wa pamba ukifunguliwa, mara nyingi Mei, saa hiyo inazidi kuwa ya mapema, maana malori ya pamba hayana subira na mtu wa mazoezi.

4. Mkoa wa baiskeli una dawa yake uani

Mapafu hayaugui pamoja na kano, kwa hiyo yasiachwe yalale. Kwa bahati, Simiyu ni nchi ya baiskeli. Tunazo zinazobeba magunia, mitungi ya maziwa na familia nzima, na mbio za baiskeli huku hukusanya watu wengi kuliko mechi nyingi za mpira. Kuendesha hakuilemei kano ya kisigino kama kukimbia, mradi pedali ikanyagwe kwa katikati ya unyayo badala ya vidole. Niliazima baiskeli ya mizigo ya ndugu yangu. Kuipandisha hiyo kilimani ni mazoezi makali kuliko ninayoyaona kwenye video za watu wenye baiskeli za nyuzi za kaboni.

5. Saa ishirini na tatu nyingine

Mtu anakimbia nusu saa, kisha anazunguka siku yote iliyobaki kwa katambuga au kandambili. Viatu hivyo ni bapa kabisa. Kisigino kikiwa chini, kano huvutika zaidi, hatua zote za sokoni, shambani na msibani. Wakati mguu una hasira, unainua kisigino kwa sentimita moja hivi. Fundi viatu alinikatia vipande viwili vya mpira kutoka kwenye yeboyebo lililokufa, akavibandika ndani ya raba. Viwili, miguu yote, la sivyo unahamishia tatizo nyongani. Mguu ukitulia, unaviondoa. Raba ya mtumba nayo ichunguzwe nyuma: kama soli imelika upande mmoja, unanunua mwendo wa mtu mwingine.

6. Duka la dawa

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Siprofloksasini, ambayo wengi huijua kama sipro, hununuliwa kwetu kirahisi kama pipi, kwa UTI, kwa taifodi iliyopimwa na isiyopimwa, kwa tumbo. Dawa hiyo na ndugu zake wa kundi moja huweza kuidhoofisha kano hadi ikakatika, na ya kisigino ndiyo huathirika zaidi. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo lake kali kabisa liandikwe kwenye maelezo ya dawa hizo. Hatari huzidi kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60 na kwa wanaotumia dawa za steroidi. Zipo nyakati ambapo dawa hiyo ndiyo inayohitajika, na daktari ataamua. Ila mwambie una kano inayouma kabla hajaandika.

Sindano ya steroidi ndani ya kano ya kisigino niliwahi kushauriwa na mtu aliyejiita mtaalamu. Hupunguza maumivu haraka, na inaweza kuiacha kano ikiwa karibu kukatika. Niliaga.

Na kuna siku ambayo si ya mazoezi wala kanuni ya kesho asubuhi: ukisikia mlio nyuma ya mguu kama umepigwa jiwe, ukageuka usione mtu, na ukashindwa kusimama kwa vidole vya mguu huo. Lala kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, mwenzako aminye shavu la mguu. Unyayo usipocheza, kano imekatika. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

7. Akhwari hakuwa mazoezini

Mtanzania yeyote anayekimbia amelelewa na habari za John Stephen Akhwari wa Mbulu. Mexico City, Oktoba 1968, alianguka katikati ya marathoni, akaumia goti, akafungwa bandeji na kuendelea. Alifika wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Tunaitumia habari hiyo kumsukuma kila anayechechemea. Siipingi, niliipenda tangu shule ya msingi. Lakini ile ilikuwa Olimpiki. Jumanne ya mazoezi hakuna taifa linalokungoja kwenye utepe, na hakuna sababu ya kumalizia kilomita tatu zilizobaki ukiwa kwenye maumivu ya saba kati ya kumi.

Sehemu ya habari yake tunayoisahau ni ya miaka miwili baadaye. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Akhwari alimaliza marathoni wa tano kwa saa 2 na dakika 15. Mtu aliyefika wa mwisho Mexico alirudi akiwa mzima, mwenye kasi. Hiyo ndiyo ningependa ibandikwe kwenye kuta za vyumba vya mazoezi.

Haile Gebrselassie naye alikwenda Sydney mwaka 2000 na kano ya kisigino inayomsumbua, akamshinda Paul Tergat kwa sekunde 0.09 kwenye mita 10,000, kisha akapasuliwa. Mwaka uliofuata alipata shaba tu kwenye mashindano ya dunia ya Edmonton. Lakini rekodi zake za marathoni za Berlin zilikuja baada ya hapo, 2007 na 2008.

8. Kano haina haraka na kundi

Mchakamchaka ni mtamu, nami nimekulia humo, lakini wimbo ndio unaoamua mwendo, na mwenye kano mbovu akishaitikia kiitikio hajui tena namba yake ya maumivu ni ngapi. Nilikaa mbali na kundi la Jumamosi hadi nilipoweza kukimbia nusu saa mfululizo na kuamka bila kuchechemea, wiki nzima.

Watafiti wa Denmaki walipima kaboni iliyoenea angani baada ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, wakaikuta kwenye kano za marehemu. Mwaka 2013 wakaeleza kuwa kiini cha kano ya kisigino karibu hakijengwi upya baada ya umri wa miaka 17 hivi. Kiini ulichonacho ukimaliza sekondari ndicho utakachozikwa nacho. Kwa hiyo begi la mahindi bado ninalivaa mara mbili kwa wiki, ingawa mguu hauumi. Mwanza mwaka huu nimejiandikisha kilomita 21 badala ya 42. Mazoezi marefu nayafanya kwenye itogolo, na mvua zikiwahi nitahamia lami, saa kumi na moja alfajiri, katikati ya barabara.