Wadudu wa Mawaridi: Geuza Jani Kabla ya Kununua Dawa

Vichipukizi vikijikunja na majani yakianza kunata, wengi hukimbilia duka la pembejeo kuomba "dawa ya wadudu". Haraka hiyo ina hasara. Dawa isiyomlenga mdudu aliyepo humwacha akiendelea kula, ikaua wale wanaomwinda. Mtambue kwanza.

Nitajuaje ni mdudu gani?

Geuza jani, kisha kagua vichipukizi na tumba.

Vidukari, wanaoitwa pia wadudu mafuta, ni laini na hujazana kwenye ncha changa. Hufyonza utomvu na kutoa majimaji matamu ambayo huota ukungu mweusi.

Utitiri mwekundu ni jamii ya buibui: una miguu minane. Hupenda joto na ukavu, hasa kwenye maua yaliyo karibu na ukuta. Majani hujaa vidoa vya njano, na ukizidi hufuma utando mwembamba. Weka karatasi nyeupe chini ya tawi, uligongegonge. Vinukta vikianza kutembea, umeupata.

Vithiripi hujificha ndani ya tumba. Ua hufunguka likiwa na kingo za kahawia, au halifunguki kabisa.

Majani yamekatwa nusu duara pembeni. Nipulize nini?

Usipulize chochote. Hiyo ni kazi ya nyuki wakata majani, ambao hubeba vipande hivyo kujengea viota vyao. Waridi halidhuriki, na nyuki hao huchavusha mimea yako mingine.

Kwa nini vidukari hurudi upesi?

Jike huzaa watoto hai bila kupandwa, na kwenye joto watoto hao huanza kuzaa baada ya siku saba hadi kumi hivi. Sisimizi nao huwalinda ili wale yale majimaji matamu, kwa hiyo zuia njia yao kwenye shina. Punguza pia urea: ikizidi, mmea hutoa vichipukizi laini vinavyowavutia.

Nianze na nini nyumbani?

Anza na maji. Piga upande wa chini wa majani kwa mpira, asubuhi, kila baada ya siku mbili tatu. Vidukari wengi wakianguka hawapandi tena, na utitiri huchukia unyevu.

Wakibaki, changanya vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji katika lita moja. Jaribu kwenye majani machache, usubiri siku moja. Pulizia jioni, ukihakikisha mchanganyiko unawagusa wadudu wenyewe, kwa sababu ukikauka hauna nguvu tena. Sabuni ya unga huunguza majani.

Mwarobaini nao husaidia: twanga gramu 50 za kiini cha mbegu kavu, loweka usiku kucha katika lita moja ya maji, chuja kwa kitambaa, pulizia jioni. Jua huuharibu mapema, hivyo rudia baada ya wiki.

Dawa ya asili haina madhara?

Si kweli. Maji ya tumbaku yana nikotini, sumu inayopenya ngozi. Pareto hutokana na maua, lakini huua nyuki na samaki pia. Usipulizie maua yaliyofunguka wakati nyuki wanatembea.

Wadudu gani niwaache?

Waache mbawakavu wekundu wenye madoa meusi pamoja na watoto wao, weusi wenye umbo la mamba mdogo. Wote hula vidukari. Ukiona vidukari waliovimba na kuwa kahawia, wasiosogea, usiwaondoe: ndani yao wanakua nyigu wadogo watakaotoka kuwashambulia wengine. Mashamba makubwa ya waridi Naivasha, Kenya, hutumia utitiri mlaji kudhibiti utitiri mwekundu.

Nikilazimika kununua kiuatilifu?

Peleka tawi lenye wadudu, kwenye mfuko uliofungwa, kwa afisa ugani. Nunua dawa iliyosajiliwa. Tanzania msimamizi ni TPHPA, Kenya ni PCPB. Kataa dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji: haina lebo, na mtoto anaweza kuinywa. Fuata kipimo, vaa glavu, barakoa na mikono mirefu, na usipulizie kwenye upepo. Mboga zikiwa jirani, heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kuongeza kipimo hakuharakishi kazi. Huunguza mmea na kukuza wadudu sugu.