Alama za Zamani Zinapoanza Kuwasha Upya
Kijitabu cha kaya kuhusu vipele vya kuumwa na wadudu

Mtoto aliumwa na wadudu miezi miwili iliyopita. Vipele vikakauka, vikaacha vidoa vyeusi miguuni, nyumba nzima ikasahau. Asubuhi moja anaamka anajikuna, na vile vidoa vya zamani vimevimba tena, kila kimoja kigumu katikati, vingine vina maji kidogo. Bibi anasema sumu ya mdudu ilibaki mwilini. Jirani anasema damu imechafuka, apewe dawa ya kuharisha. Dukani wanauza krimu.

Hakuna sumu iliyobaki, na damu haijachafuka. Dawa ya kuharisha itamkausha mtoto maji tu.

Nini hutokea ngozini

Mdudu anayenyonya damu hutema mate kwenye ngozi ili damu isigande akiwa bado anakunywa. Mate hayo yana protini ngeni, na mwili wa mtoto mwenye aleji nazo hujifunza kuzitambua. Kipele kikipona, seli za kinga zilizojifunza hazitoweki zote. Baadhi hubaki palepale ngozini kwa miezi mingi. Mtoto akiumwa upya, hata kama ni mgongoni, alama zilizo miguuni zinaweza kuamka zote. Ni kama mbwa wa mtaani usiku: mmoja akibweka kule mwisho, wa kila nyumba humwitikia, ingawa mwizi yupo kwa mmoja tu.

Ndiyo maana kumpaka mtoto dawa kwenye alama za zamani, usiku baada ya usiku, huleta nafuu isiyodumu. Alama zikiamka kwa pamoja, karibu kila mara kuna mdudu aliyeuma karibuni, na huyo ndiye wa kutafutwa. Tofauti ni kipele kimoja ambacho mtoto hakiachi: kukikuna kila siku kunatosha kukifanya kiwe kigumu na kiendelee kuwasha kwa wiki nyingi bila mdudu yeyote.

“Mbona sisi wengine hatuna kitu?”

Swali hili wazazi huliuliza kuliko yote, na ndilo linalofanya wengi wakatae kwamba tatizo ni wadudu. Watoto watatu hulala kitanda kimoja, na mmoja tu ndiye mwenye vipele. Baba na mama hawana hata alama.

Wote wanaumwa. Tofauti ni jinsi mwili unavyojibu. Mwaka 1946 mtafiti Mwingereza Kenneth Mellanby alieleza hatua ambazo mtu hupitia anapoumwa na mbu mara kwa mara. Mwanzoni hakuna kinachoonekana. Baadaye huja kipele kinachotokea kesho yake. Kisha huja hatua mbaya kuliko zote: uvimbe wa papo hapo, halafu kipele kigumu cha siku inayofuata. Mtu akizidi kuumwa, hubaki na uvimbe wa papo hapo tu, na mwishoni ngozi huzoea na kunyamaza. Mtu mzima aliyekulia penye mbu mara nyingi ameshafika huko mwisho. Mtoto wa miaka miwili hadi kumi bado yuko njiani, na wengi huacha kupata vipele hivi wanapokua.

Hilo linaeleza pia masaibu ya mtoto aliyelelewa Limuru au Njombe penye baridi, akahamia Mombasa au Dar es Salaam. Wenyeji wanamcheka kwamba ngozi yake ni laini. Ngozi haina kosa, ila mbu wa huko bado ni wageni kwake. Mtoto aliyezaliwa Ulaya akija kumsalimia bibi yake hupatwa vivyo hivyo.

Vipele hivi haviambukizi. Mtoto asirudishwe nyumbani kutoka shuleni kwa sababu yake.

Kumtafuta mdudu

Anza na mahali vipele vilipo. Viroboto huuma zaidi kuanzia vifundo vya miguu hadi magotini. Kunguni huuma usiku sehemu zisizofunikwa na nguo, mara nyingi vipele vitatu vinne vikiwa mstari mmoja. Mbu huuma popote palipo wazi. Utitiri wa kuku huingia nyumbani pale kuku wanapolala jikoni au chini ya dirisha la chumba.

Viroboto wanastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndio wanaowachanganya watu. Kiroboto kabla hajakomaa hukaa ndani ya kifuko kidogo cha nyuzi kilichofichwa na vumbi la sakafuni, na anaweza kusubiri humo kwa miezi. Anapohisi mtikisiko na joto la mtu au mnyama, hutoka. Familia ikienda kijijini likizo ya Desemba na kufunga nyumba, ikirudi inaweza kupokewa na viroboto wengi wenye njaa siku ileile, hata kama paka amekufa zamani. Kwa hiyo kumuosha mbwa au paka peke yake hakutoshi. Uliza duka la dawa za mifugo dawa inayomfaa mnyama wako (kuna dawa za mbwa zinazoua paka, kwa hiyo usibahatishe), na siku hiyohiyo fagia kila pembe, chini ya vitanda na nyuma ya makochi, uchome au uzike taka hizo mbali. Rudia kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa, maana walio ndani ya vifuko hawafi kwa dawa ya siku moja.

Kunguni nao hawahitaji uchafu ili waje. Huletwa na begi la safari, godoro la mtumba, kiti cha kununua kwa mtu. Angalia kwa tochi kwenye mishono ya godoro, kwenye viungo vya kitanda na chaga zake, nyuma ya picha ukutani. Madoa madogo meusi kama ya kalamu ni choo chao. Kunguni mkubwa huishi miezi kadhaa bila kula, hivyo kuhamia chumba kingine kwa wiki mbili ni kujidanganya. Joto ndilo linalowaua vizuri: shuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto sana au zipigwe pasi, na maji yanayochemka yamwagwe kwenye viungo vya kitanda, watoto wakiwa mbali. Kuanika godoro juani kunasaidia kidogo tu, kwani kunguni hukimbilia upande wenye kivuli. Kunguni wa sehemu nyingi wamezoea dawa za kupuliza za dukani.

Tunakuomba kwa dhati: usipulizie chumba cha kulala dawa ya kunyunyizia mazao wala usipake kitanda mafuta ya taa. Ya kwanza inaweza kuua watoto waliolala humo, na ya pili inasubiri kiberiti.

Kwa mbu, chandarua chenye dawa kichomekwe chini ya godoro kabla mtoto hajalala, na matundu yashonwe.

Kumtuliza mtoto

Kata kucha zake ziwe fupi. Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, kikiwekwa juu ya kipele kwa dakika chache, hupunguza muwasho, na losheni ya kalamini pia. Krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 inaweza kupakwa kwenye vipele vipya kwa siku chache tu. Dawa za aleji za kunywa, ikiwemo ile inayoleta usingizi ambayo watu huiita Piriton, zitolewe kwa kipimo cha umri alichoelekeza mfamasia au mhudumu wa afya.

Dawa ya meno, majivu na maji ya betri visipakwe ngozini. Zile krimu kali zinazouzwa mitaani za kung'arisha ngozi huzima muwasho haraka kweli, na hapo ndipo hatari ilipo: mzazi hufurahi, huendelea kupaka, na ngozi ya mtoto hukonda na kupasuka.

Madoa meusi yanayobaki si makovu. Kwenye ngozi nyeusi huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na hufifia yenyewe ikiwa mtoto haumwi tena mahali pale.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Nenda haraka ikiwa midomo au uso vimevimba ghafla au anapumua kwa shida. Nenda siku hiyohiyo kipele kikitoa usaha, kikiwa na gamba la njano, kikiuma na kuwa cha moto, au mtoto akipata homa. Bakteria wanaoingia kwa kujikuna wanaweza kuathiri figo wiki chache baadaye, kwa hiyo uso unaovimba asubuhi na mkojo mweusi kama chai ya rangi visipuuzwe, hata kama vidonda vimeshakauka.

Vipele vilivyo kati ya vidole, kwenye viganja na sehemu za siri, vinavyowasha usiku kwa watu kadhaa nyumbani, huenda ni ugonjwa wa upele, na dawa yake hutumiwa na nyumba nzima kwa wakati mmoja. Upele nao una tabia yake ya kuacha vinundu vinavyowasha kwa miezi baada ya vimelea kufa. Kidonda kimoja kisichopona kwa wiki nyingi, au baka lisilohisi kuguswa, ni mambo mengine kabisa na yanahitaji kupimwa.

Kwa mtu mzima ambaye vipele vya namna hii vimemwanza ukubwani na haviishi, ushauri wetu ni apime VVU. Utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta kwamba vipele sugu vya kuwasha walivyokuwa navyo watu wenye VVU, kwa sehemu kubwa, vilikuwa mwitikio uliopita kiasi wa ngozi zao kwa wadudu walewale wanaouma kila mtu. Wenye vipele hivyo wengi hupata nafuu kinga ya mwili inapopanda kwa dawa.

Ukimkamata mdudu chumbani, usimpondeponde. Mnase kwa kipande cha selotepu au mtie kwenye kichupa, uende naye kwa mhudumu. Mwambie pia nyumbani kuna mnyama gani, mtoto analala wapi, na kama mlikuwa safarini kabla vipele havijaamka.