Ngitili: Uoto Ukirudi, Wageni Wapokelewe kwa Utaratibu

Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza, na kulifungua kiangazi majani yanapokauka kwingineko. Mkoani Shinyanga desturi hiyo ilidhoofika kaya zilipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa miaka ya 1970. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ili kuifufua. Si kila mti ulipandwa: mifugo ilipozuiwa, visiki na mizizi iliyo hai ilichipua yenyewe.

Miti iliporudi, ndege na wanyamapori nao walirudi. Hapo ndipo utalii wa kijiji unapoweza kuanza. Mwenyeji humwongoza mgeni asubuhi, ndege wanapolia, akimwonyesha miti ya dawa na nyayo za wanyama. Jioni mgeni huonja michembe na kutazama ngoma za Wagika na Wagalu.

Hata hivyo, ngitili kwanza ni akiba ya malisho. Kabla ya kupokea kundi la kwanza, Mkutano Mkuu wa Kijiji uamue mambo matatu: njia za kupita wageni, miezi isiyoingiliana na malisho, na mgawanyo wa mapato, likiwemo fungu la kuwafuta machozi wanaoliwa mifugo na fisi. Kijiji kikigawana faida na kumwachia mfugaji mmoja hasara, hakitakawia kuiona ngitili yake ikigeuzwa mkaa.