Fremu Isiyoficha Uso: Namna ya Kuchagua Rangi ya Fremu ya Picha Nyumbani

Mwalimu mlezi wa chama chetu alituagiza kwamba kila mwanachama wa kidato cha tatu aandike jambo moja alilojifunza kwa kulifanya, si kwa kulisoma tu. Wenzangu wameandika juu ya kuku, mbolea na mursik. Mimi nimechagua rangi ya fremu ya picha. Najua wako watakaocheka. Cheka, ndugu yangu, lakini soma hadi tamati, kwa maana kosa nililolifanya lilinila pesa na likamnyima nyanya yangu kitu alichokitamani kwa miaka mingi.

1. Kosa langu

Babu alifariki nikiwa darasa la nne. Aliacha picha moja tu, ya nyeusi na nyeupe, aliyopigwa katika studio mjini Kericho mwaka wa 1974. Amesimama mbele ya pazia la kijivu, koti jeusi, shati jeupe, uso haucheki wala haununi. Picha yenyewe ilikuwa ndogo kama kiganja, na ilikaa ndani ya Biblia ya Kogo. (Kogo ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita nyanya.)

Likizo ya Agosti nilichuma majani chai katika shamba letu, na baba akanilipa kwa kilo kama anavyowalipa wachumaji wengine. Nikapanda matatu hadi Kericho, picha ikakuzwa, kisha nikaingia duka la fremu. Hapo ndipo macho yalipovuka mpaka. Palikuwa na fremu moja ya plastiki, rangi ya dhahabu, ina maua pembeni, inametameta kama jua la saa sita. Nikajiambia ati hiyo ndiyo inayomfaa mzee wa heshima. Shilingi 850 zikaenda.

Tulipoitundika, majirani walisifu. Kogo akasogea, akainua uso, akakaa kimya. Macho yake yana mtoto wa jicho, na zamu yake ya kupasuliwa ilikuwa haijafika. Mwishowe akauliza, "Naona kitu kinang'aa. Yeye yuko wapi?"

Jamani, maneno hayo yalinichoma. Nilikuwa nimenunua fremu ya kutazamwa na wageni. Picha ya kutazamwa na mjane sikuwa nimemletea.

2. Mafunzo ya fundi

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Nilimwendea seremala mmoja wa hapa sokoni Kiptere nikamweleza yote. Hakunicheka. Alisema, "Kijana, wewe ulianza na fremu. Anza na picha, halafu ukuta, halafu macho ya mwenye nyumba. Fremu huja mwisho." Nami nitafuata utaratibu huo huo.

(a) Tazama picha. Picha ya nyeusi na nyeupe hupatana na fremu nyeusi, ya kijivu au ya mbao iliyokoza. Picha ya zamani iliyogeuka rangi ya majani makavu hupatana na mbao za kahawia. Picha ya rangi nyingi, kwa mfano ya harusi, huhitaji fremu tulivu, maana picha yenyewe tayari ina kelele. Ukikwama, tafuta rangi iliyokoza kuliko zote ndani ya picha, kisha uchague fremu inayoikaribia. Kwa babu, rangi hiyo ilikuwa koti lake.

(b) Tazama ukuta. Nyumba nyingi za kwetu kuta zake hupakwa rangi mbili: chini rangi ya mafuta iliyokoza ili uchafu usionekane, juu rangi ya maziwa. Nyingine ni za udongo zilizopakwa chokaa. Picha hutundikwa juu, kwa hivyo ukuta unaokuhusu ni ule wa juu. Ukuta mweupe hutaka fremu iliyokoza. Ukuta uliokoza hutaka fremu nyeupe au ya mbao nyepesi. Chokaa ya Kogo imezeeka ikawa ya manjano kidogo, na ile dhahabu yangu ikamezwa nayo. Hata ukingo wa picha hakuuona.

Kuna jaribio rahisi, tena la bure. Weka fremu ukutani, rudi nyuma hatua tano, kisha ufumbe macho nusu nusu. Ukiona mraba wazi na uso ndani yake, umefaulu. Ukiona mng'ao tu, au usione kitu, rudisha dukani kabla risiti haijapotea. Mimi sikulijua jaribio hilo.

Pengine utauliza, je, fremu yaweza kweli kubadilisha picha ambayo haikuguswa? Ndiyo. Mwalimu wetu wa Kemia alitusimulia habari za mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul. Mwaka wa 1824 Chevreul aliwekwa kusimamia idara ya kutia rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kilichofuma mazulia ya kutundika ukutani. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Akazichunguza, akakuta rangi yenyewe ni nzuri kabisa. Zilizoharibu mambo ni nyuzi za buluu na zambarau zilizokuwa kando yake. Jicho halitazami rangi peke yake. Huilinganisha na jirani yake. Alichapisha kitabu juu ya jambo hilo mwaka wa 1839. Kwa hivyo fremu ni jirani wa picha, na jirani mwenye makelele hukufanya uonekane bubu hata kama una maneno.

(c) Tazama macho na mwanga. Hili ndilo fundi alilisisitiza zaidi. Mtu mwenye mtoto wa jicho huona kama aliye nyuma ya ukungu. Rangi zinazokaribiana humchanganya, na mng'ao humsumbua sana. Basi fremu yake isiwe ya kumetameta. Vanishi isiyong'aa ni bora. Iachie picha ukingo mpana wa karatasi nene nyeupe, ili weusi wa koti utokeze. Usiitundike ikitazamana na mlango au dirisha, kwa kuwa kioo kitarudisha mwanga na ataona mlango badala ya mumewe. Tena, tuache desturi ya kuzipanga picha karibu na dari zikiwa zimeinama kama zinatuchungulia. Itundike kimo cha macho ya atakayeitazama. Kogo ni mfupi.

(d) Tazama moshi na unyevu. Sisi watu wa Kericho mvua ni jirani yetu karibu mwaka mzima. Picha iliyogusana na kioo hunata, na ukiibandua uso hubaki kiooni. Ule ukingo wa karatasi nene huitenga picha na kioo, kwa hivyo unafanya kazi mbili. Na kama jikoni na sebuleni ni pamoja, fremu nyeupe haikufai. Moshi wa kuni utaifanya ya manjano upende usipende.

3. Kuijua rangi kwa jina

Hapa sasa Kiswahili kinaingia. Fundi aliponiuliza nataka rangi gani, nilibabaika nikasema, "Ile... ya giza giza hivi." Mwanachama mzima wa chama cha Kiswahili! Kumbe majina tunayo, na mengi yametoka katika vitu tunavyovigusa kila siku. Kijani ni jani. Kijivu ni jivu. Kahawia imetokana na kahawa. Manjano ni kile kiungo cha mchuzi. Zambarau ni tunda. Na nyekundu iliyokoza, kama sweta za shule nyingi, huitwa damu ya mzee. Mtu akiijua rangi kwa jina, fundi hawezi kumuuzia nyingine.

4. Tulivyomaliza

Fundi alipendekeza nyeusi, kwa kuwa ndiyo inayotokeza kuliko zote juu ya chokaa. Kwa kanuni zote za hapo juu alikuwa na haki. Lakini nilipomwambia Kogo, alikataa. Alisema nyeusi aliivaa siku ya mazishi na inatosha. Babu aliishi naye miaka mingi kabla ya siku hiyo moja. Nikamuuliza anataka ipi. Akanyosha mkono akaonyesha kibuyu chake cha mursik, kilichozeeka kwa kupakwa mafuta hadi kikawa kahawia iliyokoza.

Kwa hivyo, msomaji, ongeza kanuni ya tano: muulize mwenye picha. Rangi ina maana moyoni mwa mtu, na maana hiyo haiuzwi dukani.

Fundi alikata mbao za saipresi, pembe zake kwa nyuzi 45, nami nikapiga msasa na kupaka vanishi ya kahawia mara mbili, nikingoja ikauke siku nzima kati ya mara ya kwanza na ya pili. Kioo tulikitoa kwenye ile fremu ya dhahabu. Gharama yote ilikuwa shilingi 400, chini ya nusu ya pesa nilizozitupa.

Tuliitundika kando ya dirisha, kimo cha uso wa Kogo. Alisogea, akasimama kitambo. Kisha akasema, "Kola imekaa upande. Nilimwambia aitengeneze kabla hajaingia studio." Nikatazama. Ni kweli, kola ya babu imekaa upande. Miaka yote hiyo mimi mwenye macho mazima sikuwahi kuiona.

5. Zoezi

(i) Chagua picha moja nyumbani kwenu. Taja rangi ya ukuta, rangi ya fremu, na rangi iliyokoza zaidi ndani ya picha. Je, zinapatana?
(ii) Fanya jaribio la kufumba macho nusu, kisha eleza ulichokiona.
(iii) Muulize mkubwa wako mmoja ni picha ipi angependa itundikwe karibu naye, na kwa rangi gani. Andika jibu lake kwa maneno yake mwenyewe.

Atakaye ile fremu ya dhahabu, bado ninayo. Haina kioo.