Pedeli ya Klachi Inapolegea, Kagua Breki Kwanza

Mwenye gari la zamani la kubadili gia kwa mkono huweza kukuta pedeli ya klachi imelegea, au gia zinakwaruza zinapoingia. Mara nyingi huambiwa kwamba klachi imekwisha, hivyo gia boksi ishushwe. Kabla ya kukubali gharama hiyo, mlaji afahamu kuwa dalili hizo huweza kuwa onyo kuhusu breki.

Uhusiano wa klachi na breki

Katika magari mengi ambayo klachi haivutwi kwa waya, nguvu ya mguu husafirishwa na mafuta ya breki. Baadhi ya magari hayo hutumia kikopo kimoja kwa klachi na breki. Kwa kawaida tundu la klachi huwekwa juu kuliko matundu ya breki, ili mafuta yakipungua, klachi ishindwe kwanza na breki zibakiwe na akiba. Hivyo klachi iliyolegea yaweza kusababishwa na mafuta yanayovuja kwenye gurudumu. Dereva anayesafiri kilomita zipatazo 24 kati ya Peramiho na Songea, au anayeshuka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, asipuuze dalili hiyo.

Ukaguzi wa awali

Egesha gari mahali tambarare na uweke kabari magurudumuni.

1. Tazama kikopo. Mafuta yawe kati ya alama mbili. Yakiwa chini, ama yanavuja ama pedi za breki zimelika. Kujaza pekee si tiba.

2. Kanyaga klachi mara kadhaa mfululizo. Pedeli ikiwa ngumu na gia zikaingia, kuna hewa ndani au masta ya klachi imechoka.

3. Tafuta unyevu ndani ya magurudumu, kando ya gia boksi na juu ya pedeli.

4. Injini ikiwa inaunguruma, kanyaga breki na ushikilie kwa nusu dakika. Pedeli ikizama polepole, usiendeshe gari. Mwite fundi alipo gari.

5. Ikiwa pedeli ni ya kawaida lakini injini hunguruma sana mlimani bila gari kuongeza mwendo, hapo sahani ya klachi ndiyo ya kushukiwa.

Iwapo klachi imelegea mara tu baada ya breki kutengenezwa, yaelekea kikopo kiliachwa kikauke wakati wa kutoa upepo, na hewa ikaingia upande wa klachi. Mwombe fundi atoe upepo pande zote mbili kabla hujanunua kifaa chochote.

Mafuta na vipuri

Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, kama DOT 3 au DOT 4. Mafuta ya injini huvimbisha raba na kuharibu mfumo mzima. Mafuta ya breki hufyonza unyevu. Yakizeeka huweza kuchemka kwenye mteremko mrefu na breki zikakosa nguvu. Usinunue kopo lililokwisha kufunguliwa.

Haki yako

Kabla ya kazi, uliza kasoro ni ipi na imethibitishwaje. Baada ya kazi, omba kipuri cha zamani na udai risiti. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Ukiuziwa kipuri bandia, kihifadhi pamoja na risiti na upeleke malalamiko kwa Tume ya Ushindani.