Waya Zikishatolewa: Kutunza Riteina Nyumbani

Siku ya kutolewa waya za meno huwa ya furaha. Kijana hakai mbali na kioo, ulimi unapitapita juu ya meno yaliyofunikwa kwa mwaka mmoja na zaidi, na mzazi anashusha pumzi: malipo yamekwisha. Kisha daktari anawakabidhi kiboksi kidogo chenye riteina, kifaa cha kuvaa kinywani ili meno yabaki yalipopangwa. Familia nyingi huteleza hapo. Waya zilikuwa kazi ya daktari. Riteina ni kazi ya nyumbani.

Jino halikupigiliwa mfupani kama msumari. Limeshikwa na nyuzi ndogo sana, na kwa sababu hiyo waya iliweza kulisogeza. Nyuzi zilizo ndani ya taya huchukua miezi 3 hadi 4 kujipanga upya. Zile za kwenye ufizi hukawia zaidi. Baadhi hupita mwaka zikiwa bado zinavuta kama mpira. Jino lililokuwa limejizungusha ndilo lenye haraka ya kurudi. Tena meno ya mbele ya chini huzidi kubanana kadiri mtu anavyokua, hata kwa asiyewahi kufungwa waya. Watu hulisingizia gego la mwisho, lakini kuling'oa kwa sababu hiyo tu hakuzuii meno ya mbele kubanana.

Kwa hiyo, kwa kawaida riteina ya kuvuliwa huvaliwa usiku na mchana miezi ya mwanzo, ikitolewa wakati wa kula na kupiga mswaki, kisha usiku tu. Hadi lini? Fuata ratiba ya daktari wako, lakini usishangae akikwambia miaka mingi.

Adui mkubwa wa riteina ni tishu. Kijana yuko kwenye karamu, pilau imefika, anaitoa, anaikunja ndani ya tishu na kuiweka kando ya sahani. Anayekusanya vyombo anaona uchafu. Riteina inaondoka pamoja na mifupa. Mzoesheni kutembea na kiboksi chake. Mbwa naye huipenda kwa harufu ya mate, basi isiachwe kitandani.

Adui wa pili ni nia njema. Mama anataka kuua vijidudu, anaimiminia maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai. Plastiki inajikunja, na haitarudi umbo lake. Maji ya baridi, mswaki laini na tone la sabuni ya maji vinatosha. Dawa ya meno huikwaruza ile ya plastiki angavu. Na ukiwa umeivaa, kunywa maji matupu: chai ya sukari au soda ikiingia chini yake hubaki imeyalowanisha meno.

Wengine hugundishiwa waya mwembamba nyuma ya meno ya mbele. Huo haupotei, ila hukusanya ugaga, na uzi wa meno hauna budi kupitishwa chini yake. Muulize daktari akuonyeshe namna. Gundi ikiachia kwenye jino moja, huenda usisikie maumivu yoyote huku jino likihama. Upitishie ulimi kila siku, na ukihisi sehemu inacheza, nenda kliniki.

Ukikosa kuvaa siku chache, riteina ikabana lakini ikaingia hadi mwisho, endelea kuivaa kama ulivyoagizwa. Isipoingia, usiilazimishe kwa kuing'ata, wala fundi wa nyumbani asiikunje kwa koleo.

Ikipotea au ikivunjika, usingoje miadi ya miezi 6 ijayo. Piga simu kliniki siku hiyo hiyo. Kutengeneza riteina nyingine ni nafuu kuliko kufungwa waya mara ya pili.