Treni Ikichelewa Ulaya: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Jioni moja ya Januari, stesheni ya Köln, Ujerumani, nilikaa benchi moja na bibi wa Mombasa aliyekuwa akienda kwa bintiye. Treni yake ilichelewa zaidi ya saa mbili. Wenzake walikwenda dirishani wakarudi na vocha za chakula. Yeye alikumbatia mkoba wake, tiketi ya euro 60 ameifunga kwenye pindo la leso. Nikamwambia, "Bibi, twende ukadai." Akanijibu, "Mwanangu, mimi mgeni. Nisije nikamharibia binti yangu makaratasi yake." Nusu ya nauli ile ilikuwa haki yake, na hakuidai. Haya nayaandika kwa ajili yake na wote wanaonyamaza kama yeye.

Usiogope. Dai la fidia halihusiani na viza. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2021/782, inayotumika tangu tarehe 7 Juni 2023, inamlinda abiria mwenye tiketi, na inakataza asibaguliwe kwa uraia wake. Wala fidia si sadaka. Reli hizi zinalishwa na kodi: kwa miaka ya 2021 hadi 2027 Umoja umetenga euro bilioni 25.8 kwa miundombinu ya usafiri, na fungu kubwa linakwenda kwenye reli. Treni nyingi za mikoani nazo huendeshwa kwa mkataba: serikali inailipa kampuni ili ibebe watu hata pasipo na faida. Ndugu yako anayefagia maofisi Rotterdam anakatwa kodi hiyo kila mwezi. Unadai kilicho chenu.

Kata tiketi moja ya safari nzima. Ukitoka Hamburg kwenda Paris kwa tiketi mbili mbalimbali, treni ya kwanza ikachelewa na ya pili ikakuacha, hasara inaweza kuwa yako mwenyewe. Soma kabla ya kulipa. Muuzaji akikuandikia kwamba kila tiketi ni mkataba unaojitegemea, ujue amekwisha kunawa mikono.

Ukitangaziwa kwamba mtachelewa kufika kwa dakika 60 au zaidi, una hiari ya mambo matatu: urudishiwe nauli, upelekwe kwa njia nyingine mapema iwezekanavyo, au usafiri siku nyingine inayokufaa. Usikimbilie kununua tiketi mpya kwa fedha yako; uliza kwanza. Zikipita dakika 100 tangu saa ya kuondoka na hujaelezwa njia mbadala, hapo unaruhusiwa kujitafutia treni nyingine au basi, na gharama ya lazima utarudishiwa. Risiti usiitupe.

Omba chakula na maji kulingana na muda wa kusubiri. Usiku ukikukuta njiani kwa sababu ya kuchelewa huko, omba malazi. Usilale kwenye benchi kwa haya.

Hesabu kuchelewa kwa saa ya kufika, si ya kuondoka. Dakika 60 hadi 119, fidia ni robo ya nauli; kuanzia dakika 120 ni nusu. Piga picha ubao wa stesheni unaoonyesha muda. Watu wa kampuni wakikupa vocha nawe unataka fedha taslimu, sema hivyo. Wanalazimika kukulipa fedha, tena ndani ya mwezi mmoja tangu udai. Fidia isiyofika euro 4 wanaweza kutoilipa.

Usidai usichostahili. Dhoruba kubwa, mtu aliyeingia relini, nyaya zilizoibwa: hizo zinaiondolea kampuni fidia, ingawa chakula na kusaidiwa kufika bado ni haki yako. Ukinunua tiketi hali umekwisha kuambiwa treni imechelewa, fidia huna. Lakini mgomo wa wafanyakazi wao wenyewe si kisingizio, na usikubali ukipewa jibu hilo. Treni za mijini na za mikoani zinaweza kuwa na masharti mengine, kila nchi na yake. Uingereza imekwisha toka katika Umoja. Huko fuata kanuni zao.

Usipande bila tiketi. Ujerumani faini ni euro 60 au zaidi. Italia, tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa igonge muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda.

Mzazi wako akiwa anatumia kiti cha magurudumu, au miguu haimbebi, pigia kampuni simu siku moja au mbili kabla. Atapokewa, atapandishwa na kushushwa, bila malipo.

Malalamiko yana miezi mitatu tu tangu siku ya tukio. Wakikukatalia, peleka shauri kwa mamlaka ya nchi inayosimamia haki za abiria wa reli. Kama mkobani una tiketi ya safari iliyochelewa mwezi huu au uliopita, itoe leo, ujaze fomu.